Saa ambayo sinema haioneshi

Katika sinema za maafa, anayepona ni yule mwenye mbio. Ghorofa linaporomoka nyuma yake, lami inapasuka mbele ya gari, naye anaruka. Nikiwaza juu ya watu waliookoka kweli, naona walikimbia kidogo tu, ila walianza mapema. Mara nyingi kilichowatenganisha na waliokufa ni dakika chache zisizo na kishindo chochote, zile ambazo mwongozaji huzikata ili watazamaji wasichoke.

Ardhi ikitikisika kwa nguvu, miguu haikutii. Wengi huumia wakiwa njiani kwenda mlangoni, wakiangukiwa na makabati, vioo na vipande vya ukuta wa nje. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo kwa mkono mmoja na ushike mguu wa meza kwa mwingine, maana meza nayo husogea. Uliye kitandani baki hapo hapo, mto kichwani. Habari ya kusimama kwenye fremu ya mlango ni ya kizamani. Fremu za nyumba za leo hazina nguvu kuliko sehemu nyingine ya nyumba.

Hata hivyo, ushauri wa meza unafaa zaidi nyumba zenye nondo. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za udongo na tofali zisizofungwa na kitu. Katika nyumba ya namna hiyo, ukiwa ghorofa ya chini na mlango wa kutokea uwanjani uko hatua chache tu, toka mara moja na uende mbali na ukuta kuliko urefu wake. Hatua zikiwa nyingi, usijaribu.

Ukifunikwa na kifusi, funika pua kwa nguo na ugonge bomba au ukuta. Kupiga kelele kama waigizaji kunakujaza vumbi mapafuni. Usiwashe kiberiti, huenda gesi inavuja.

Filamu ya San Andreas ya 2015 inaleta tsunami San Francisco kutoka kwenye ufa wa ardhi wa California wenye jina hilo. Hapo fizikia imepewa likizo: pande mbili za ufa ule huteleza ubavu kwa ubavu, na sehemu kubwa iko nchi kavu, kwa hiyo hakuna sakafu ya bahari inayoinuliwa kiasi cha kusukuma maji mengi hivyo. (Msizidishe utulivu, lakini. Palu, Indonesia, Septemba 28, 2018, ufa wa aina hiyo hiyo ulitikisa ghuba nyembamba, ardhi ikaporomoka majini, na mawimbi yakafika ndani ya dakika chache.)

Kosa kubwa zaidi ni umbo la wimbi. Kwenye skrini ni ukuta mmoja unaojikunja, unaanguka, kisha kimya. Tsunami halisi mara nyingi huja kama maji ya bamvua yaliyokosa subira: yanapanda na kuendelea kupanda kwa dakika nyingi, yakibeba magari, mabati na magogo, kisha yanarudi baharini na vyote hivyo. Mawimbi hupishana kwa dakika kumi hadi saa nzima, na la kwanza mara nyingi silo kubwa.

Katika mji wa Hilo, Hawaii, Mei 1960, ving'ora vililia saa kadhaa kabla. Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo. Wapo waliorudi, wengine hawakuwa wameondoka kabisa. Saa saba na dakika nne usiku likaja wimbi kubwa lenyewe. Watu 61 walikufa.

Kwa hiyo, ukiwa pwani, hesabu. Mtikisiko ukizidi sekunde 20, au ukishindwa kusimama, ondoka ardhi ikishatulia, bila kusubiri king'ora. Nenda kwa miguu, kwani magari hujazana njiani. Lenga mita 30 juu ya usawa wa bahari au kilomita tatu kutoka ufukweni, na uepuke kingo za mito, maana maji hupanda humo. Ukikosa kilima, panda ghorofa ya tatu au zaidi ya jengo la zege. Mwaka 2004 kisiwani Simeulue, Indonesia, jirani kabisa na chanzo cha tsunami ya Bahari ya Hindi, hakuna king'ora ambacho kingewahi. Wazee walikuwa wamesimulia maafa ya tsunami ya 1907, watu wakapanda vilima mara tu ardhi ilipotulia. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa saba.

Pwani ya Afrika Mashariki siku ile haikuhisi kitu. Maji yalifika baada ya saa saba hivi, na kuua watu takriban 300 Somalia na wasiopungua 10 Tanzania. Kwetu dalili ni onyo la redio au simu, au bahari kupwa ghafla wakati si wake. Ikipwa hivyo, usifuate samaki waliobaki mchangani. Nahodha aliyekwisha kuwa majini asirudi bandarini. Atafute kina cha pima 100 (mita 180 hivi) na akae huko mpaka mamlaka itangaze usalama, hata ikiwa ni kesho yake.