Siku Moja ya Karafuu Kisiwani Saparua

Saa yangu ya mkononi sijaibadilisha majira tangu nilipoondoka Pemba. Kisiwa cha Saparua, katika mkoa wa Maluku mashariki mwa Indonesia, kimeitangulia Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili, kwa hiyo mishale iliyotegwa kwa majira ya kwetu husoma saa za Kiswahili za hapa bila kosa: wenzangu wa hapa, wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakisema ni saa 7 ya asubuhi, saa yangu inaonyesha 1. Watoto wa kijiji wanaamini ni mbovu. Saa zote nitakazozitaja ni za mkono wangu, na siku yenyewe ni Jumamosi ya mwezi wa Oktoba, msimu wa karafuu umepamba moto.

Saa 11 alfajiri. Baada ya swala, jambo la kwanza ni kutazama mbingu. Mvua kubwa za visiwa hivi hunyesha katikati ya mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, lakini Oktoba nayo haiaminiki, na karafuu zinazohitaji siku 4 au 5 za jua kali zikiloa zikiwa nusu kavu huota ukungu na kupoteza bei. Niliona nyota upande wa bahari na wingu upande wa mlima. Nikafunua turubai, nikaeneza karafuu za juzi kwa viganja, kama nilivyofundishwa na mama nikiwa na umri wa miaka 8.

Saa 12 na nusu. Chai na sagu lempeng, vipande vya unga wa msagu, mti wa jamii ya mitende, uliookwa ukawa mgumu kama kigae. Huchovywa kwenye chai mpaka vilegee. Asiyejua huuma kwanza, na mimi jino langu moja lina kumbukumbu hiyo.

Saa 1 tukaanza kupanda mlima, mimi, mke wangu, shemeji zangu wawili na baba mkwe, ambaye siku hizi hapandi tena mti lakini haachi kuwaelekeza wanaopanda. Njiani tulipita minazi iliyofungwa makuti machanga shinani, alama ya sasi, yaani mila ya kufunga mavuno kwa muda uliowekwa, na asiruhusiwe hata mwenye minazi kuangua nazi yake. Hakuna uzio wala mlinzi. Nimeishi hapa miaka 8, sijaona mtu akiigusa.

Kila nikifika chini ya mikarafuu ile huwa kama nimerudi kwetu, ingawa ukweli ni kwamba kwetu ndiko kulikotokana na huku. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Kampuni ya biashara ya Kiholanzi katika karne ya 17 iliukata kwingine kote na kuuacha ulimwe kisiwa cha Ambon na visiwa hivi jirani tu, ili bei isishuke. Wafaransa wakaiba miche katika karne ya 18, wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja na Pemba. Baadaye viwanda vya sigara za karafuu vya Indonesia vikawa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Zanzibar. Nilipomsimulia baba mkwe mara ya kwanza, alifikiri kidogo akasema, “Kumbe mliiba miti, halafu mkatuuzia.”

Wachumaji hapa hutumia ngazi ya mwanzi mmoja uliotobolewa na kupigiliwa vijiti, na tawi huvutwa kwa kamba, halivunjwi. Tulichuma hadi saa 3, na hapo kazi ikasimama.

Walikuja wapimaji wawili wa ofisi ya ardhi, wakifuatana na mjumbe wa raja, kwani mkuu wa kijiji huku bado huitwa raja. Walikuja kupima shamba la baba mkwe katika mpango wa taifa wa kusajili ardhi. Mipaka yake imejulikana siku zote kwa jiwe jeusi, mnazi uliopinda na kijito ambacho hukauka kiangazi. Mpimaji mmoja akafungua fomu, akauliza swali lililoonekana jepesi: mwenye shamba hili ni nani? Watu 5 wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja jina tofauti, na hakuna aliyesema uongo.

Ardhi ni ya ukoo, na baba mkwe ndiye mwangalizi wake. Mikarafuu mikongwe 14 iliyo juu ilipandwa na marehemu dada yake, kwa hiyo ni ya watoto wa dada. Midoriani 2 ni ya jirani, ambaye babu yake aliruhusiwa kupanda. Mikarafuu michanga 17 iliyo upande wa kijito ni yangu. Nilipewa idhini ya kuipanda mwaka niliooa, na idhini hiyo haikuwa jambo dogo, kwa kuwa mgeni anaweza kupewa mahali pa kulima muhogo bila maneno mengi, lakini mti unaoishi miaka 60 ni dai linaloishi miaka 60.

Sheria ya ardhi ya Indonesia, Namba 5 ya mwaka 1960, imeifuata mila katika hili: ardhi ni kitu kimoja na kilicho juu yake ni kingine. Tabu ni kwamba hati inaandika ardhi tu, na miti haina mstari wake. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 21, inasema umiliki kamili ni wa raia. Mgeni akirithi ardhi ya aina hiyo hana budi kuiachia ndani ya mwaka 1. Kwa hiyo nyumba ninayolala tumeijenga mimi na mke wangu, lakini kiwanja ni cha kwao, na sijawahi kulala vibaya kwa sababu hiyo. Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ilitangazwa kuwa ya Serikali, na bado mtu wa Pemba anajua hasa mikarafuu ya nani imesimama wapi.

Baba mkwe hakubishana. Alikwenda mti kwa mti, akiweka kiganja kwenye gome na kutaja jina la aliyeupanda, na mjumbe wa raja akaandika kwenye karatasi ya daftari. Alipofika upande wa kijito alitaja jina langu mara 17, bila kuruka, ingawa mara moja tu ingetosha. Karatasi itapigwa muhuri wa raja na kuhifadhiwa pamoja na hati itakapotoka.

Saa 6 na robo lile wingu la alfajiri likashuka. Tulikimbia mteremko mzima na magunia mgongoni, tukakuta jirani zetu wameshakunja turubai na kuziingiza karafuu barazani. Kiasi cha debe 1 ziliroa.

Saa 8 mchana nilikwenda kwa bodaboda bandari ya Haria kumpokea mama mkwe, aliyekuwa akirudi kutoka Ambon. Boti za mwendo kasi hutoka Tulehu, kisiwani Ambon, huchukua kama saa 1, na huondoka zikijaa, si kwa ratiba. Alishuka akiwa ameloa upande mmoja, na kuku wawili, na malalamiko juu ya nahodha ambayo yalidumu mpaka nyumbani. Mimi nikienda kwetu huanza na boti hiyo, kisha ndege za Jakarta, Doha na Dar es Salaam, na mwisho boti nyingine ya kuvuka hadi Pemba. Ni siku 2 njiani, na kichefuchefu huwa kwenye boti tu.

Saa 1 usiku tukala papeda, uji mzito wa sagu usiotafunwa, kwa mchuzi wa samaki wa manjano, kisha tukakaa jamvini kuchambua. Karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Makonyo nayo yana mnunuzi.

Saa 2 nikampigia mama simu. Kwake ilikuwa saa 8 mchana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Zimezaa?”

“Mwaka huu ndio wa kwanza. Si nyingi.”

“Na ardhi umeandikiwa?”

“Hapana, mama. Ardhi ni ya wakwe.”

“Miti je?”

“Miti 17 ni yangu. Leo imeandikwa.”

Akanyamaza kidogo; nilisikia nyuma yake mtu akikwangua sakafu kwa reki, akigeuza karafuu juani.

“Basi una shamba,” akasema. “Zile zilizoroa usizichanganye na kavu.”