Siku moja maishani mwangu: kocha wa magongo Tanga na dakika 600 za kugawa

Saa 12 asubuhi. Mechi ni saa 10 jioni, lakini kazi ngumu ya siku naifanya sasa, kwenye daftari. Timu tunaijenga upya. Kati ya wachezaji 16 wa leo, vijana 7 hawajafika miaka 20. Mechi ina robo 4 za dakika 15, na bila kumhesabu kipa uwanjani kuna nafasi 10 za dakika 60, kwa hiyo nina dakika 600. Kila kijana nampa 30, jumla 210. Zilizobaki, 390, wanagawana wakubwa 8, karibu 49 kila mmoja. Naandika kwa wino. Ukisubiri kugawa uwanjani, matokeo ndiyo yatakayogawa: ukiongoza utaogopa, ukifungwa utahangaika, na kijana ataingia dakika 3 za mwisho, mechi imeshaharibika. Hapo atajifunza kukimbizwa tu.

Saa 2. Uwanjani na chokaa. D, eneo la kupigia mbele ya goli, inachorwa kwa kamba ya mita 14.63 kutoka kila mlingoti. Naokota mawe, hasa ndani ya D, maana mpira wa gramu 160 ukigonga jiwe hupanda usoni. Uwanja wetu ni wa udongo na mpira hauji sawa, kwa hiyo vijana wanafundishwa kulaza gongo chini kabisa wanapopokea.

Saa 4. Kona fupi, adhabu wanayopewa washambuliaji mlinzi akifanya kosa ndani ya D: dakika 40 nzima, na sijutii hata moja. Wanaolinda ni 5 pamoja na kipa, nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote wanakwenda ng'ambo ya mstari wa kati. Mpira unasukumwa kutoka mita 10 kando ya mlingoti, na lazima utoke nje ya D kabla ya kupigwa golini. Mkimbiaji wa kwanza wa walinzi anamfuata mpigaji, barakoa usoni, gongo chini upande wake wa kulia. Kosa la vijana ni kupinda katikati ya mbio: hapo anamziba kipa, na kipa haoni mpira ukiondoka. Tunarudia mpaka miguu izoee njia moja.

Kwa nini wote wanajifunza kuilinda, hata mshambuliaji wa miaka 17? Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, ila kona fupi ikishatolewa huruhusiwi kubadilisha mpaka iishe. Aliyemo ndiye atakayelinda. Kocha anayewaficha vijana wasijue kona fupi amejinyima mwenyewe nafasi ya kuwachezesha.

Saa 7 mchana. Wali, maharage, maji mengi, kivuli cha mwembe. Mbinu hazizungumzwi.

Saa 9. Nataja majina. Vijana 4 wanaanza, wakati ni 0-0 na kila mpira una thamani. Beki wa pembeni kijana anakaa jirani na beki wa kati mkongwe, ambaye kazi yake ya pili ni mdomo: "Dogo, ingia ndani! Dogo, mtazame wa nyuma yako!" Vijana wawili hawakai upande mmoja kwa pamoja, mpinzani hugundua mapema na kushambulia hapo hapo.

Saa 10. Washambuliaji nawabadilisha kila dakika 5 au 6, mabeki kwa nadra. Robo ya 4 tukiongoza kwa goli moja, vijana 2 wanabaki ndani, ila mkimbiaji wa kwanza awe mkongwe kila inapowezekana. Hapo ndipo ninapokubaliana na ushindi. Nautaka kweli: timu ikifungwa kila wiki wakongwe wanaacha, na vijana wanakosa wa kusimama naye.

Saa 12 jioni. Nalinganisha daftari na saa. Kiungo mmoja kijana amepata dakika 22 badala ya 30. Zile 8 naziandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa mechi ijayo, juu kabisa, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote.