Nilivyofufua MGB ya paa la turubai nyumbani, na ushauri nilioukataa

Ukisema una gari kuukuu la paa la kukunja, swali la kwanza huwa ni moja tu: injini inawaka? Ushauri unaofuata nao ni uleule: iwashe kwanza, ukiisikia inanguruma utapata moyo wa kuendelea. Nimeambiwa hivyo hata na mafundi wanaoijua kazi yao, na kwa gari kama langu, MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ushauri mbovu. Injini ya MGB, ya sentimita za ujazo 1798, inapatikana vipuri karibu vyote na inafunguliwa juu ya meza siku yoyote. Kinachoyaua magari haya ni kutu ya bodi, na bodi yenyewe ndiyo chesisi.

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukihesabu zote, pamoja na zile za paa la bati, zilitoka zaidi ya nusu milioni. Ndiyo maana mabati ya kubadilishia bado yapo. Gari lenye paa la bati hushikwa juu na chini. La wazi ni kama boksi la viatu lisilo na kifuniko: likamate pembe mbili uone linavyojipinda. Linaloshikilia mbele na nyuma zisiachane ni handaki la giaboksi, yaani ule mgongo ulioinuka katikati ya sakafu, na vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Kila kizingiti ni boksi la mabati matatu: la nje linaloonekana, la wima katikati, na la ndani linaloshikana na sakafu. Chini yake inapita reli iliyokunjwa pembe pembe. Moja kati ya hayo likiliwa, mengine yanabeba mzigo usio wao.

Kabla ya kununua bati hata moja, funga milango, kisha inua kona moja ya mbele kwa jeki iliyowekwa chini ya sahani ya springi, lile bati la chini linalobeba springi ya gurudumu. Angalia mwanya kati ya mlango na fenda ya nyuma. Ukibana kwa juu, au mlango ukigoma kufunguka, kizingiti kimekwisha kazi hata kama kinang'aa kwa rangi. Watu huona mlango umeshuka wakakimbilia kurekebisha bawaba. Bawaba zimekosa nini? Nguzo mbili za mlango zimeinamiana kwa sababu gari limebonyea katikati.

Langu lilikuwa limevishwa kizingiti kipya juu ya kile kilichooza. Kati yao palijazwa povu la kupigia madirisha, juu likapakwa puti unene wa kidole. Hiyo povu ni dhambi kubwa. Inanyonya maji na kuyashikilia kwenye bati, na ukileta moto wa kuchomelea karibu nayo inatoa moshi wenye sumu na kushika moto. Toa yote kwa mkono kabla ya kuwasha mashine. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha puti ilipo: pale isiponata, huenda chini hakuna bati la maana.

Kutu ya MGB huanzia mahali pamoja karibu kila mara, nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya fenda. Pana bati la kuzuia matope lenye ukingo wa mpira. Mpira ukichakaa, tope linapenya, linakaa juu ya kizingiti na kubaki na unyevu. Kwa hiyo fenda ya mbele lazima itoke. Bahati nzuri imefungwa kwa bolti. Kazi ni kuzilainisha kwa mafuta ya kupenya siku kadhaa kabla, maana zile za kwenye nguzo ya mlango hukatika vichwa kwa raha zao. Fenda ya nyuma imechomelewa, na sehemu yake ya chini inakatwa ili kizingiti kipya kiingie mpaka mwisho wake. Anayekuambia kizingiti kinaweza kuishia kwenye ukingo wa mlango, pande zote mbili, anakuuzia pambo.

Sasa nije kwenye kile ninachojivunia. Ushauri wa kawaida ni kuchomelea bomba la mraba kuvuka nafasi ya mlango, ukate kizingiti, uweke kipya. Bomba linazuia gari lisibonyee, sawa. Lakini gari langu lilikuwa limeshabonyea, na bomba likishachomelewa linaufunga ubovu palepale. Tena ukiliweka katikati ya nafasi ya mlango huwezi kuuvika mlango, na bila mlango utajuaje kama mwanya uko sawa? Niliweka bomba la milimita 25 kwa upande wa ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi tundu la bolti ya mkanda wa kiti kwenye nguzo ya nyuma. Katikati nikalikata na kutia skrubu ya kukazia, ile yenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, inayotumika kukaza nyaya. Ukiizungusha huku, nguzo zinaachana. Ukiizungusha kule, zinakaribiana. Mlango unabaki mahali pake muda wote na unaona mwanya ukifunguka mbele ya macho yako, robo duara kwa robo duara. Nilikuwa nalenga milimita 4 hadi 5 juu, katikati na chini. Ilipofika hapo nikafunga nati za kuzuia skrubu isirudi nyuma, na ndipo grainda ikawashwa.

Stendi zina neno lake. Usiliegemeze gari kwenye sehemu za jeki za pembeni, kwa sababu ziko kwenye kizingiti kilekile unachokata. Weka mbili chini ya krosmemba ya mbele, ile boriti inayovuka gari kati ya magurudumu, na mbili chini ya ekseli ya nyuma karibu na springi, ili bodi ikae kama inavyokaa barabarani. Pima usawa kwa pimamaji, kisha pima hanamu: kutoka bawaba ya juu hadi kona ya chini ya nguzo ya nyuma, kulia na kushoto. Andika vipimo kwa chaki sakafuni. Fanya upande mmoja mpaka uishe kabisa, ndipo uguse wa pili. Kukata pande zote mbili kwa pamoja ili “kuokoa muda” ni njia ya haraka ya kupata gari lenye umbo la ndizi.

Kuchomelea nilitumia mashine ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kabonidioksaidi. Bati la juu linatobolewa matundu ya milimita 6 kila baada ya milimita 30 hivi, yanajazwa moto mpaka yashike bati la chini. Pakaa praima ya zinki inayovumilia moto kati ya mabati, lakini ikwangue ndani ya tundu, la sivyo moto unatapika. Ruka ruka: tundu la mbele, la nyuma, la katikati, uache lipoe. Ukienda mfululizo bati linavutwa na joto, na ule mwanya wa milimita 5 unarudi 3. Baada ya kila matundu machache, funga mlango utazame. Matundu ya kutolea maji chini ya kizingiti yaachwe wazi, na nta ya kuzuia kutu inapulizwa ndani baada ya rangi, si kabla.

Nyuma ya viti, chini ya kifuniko, kuna vikapu vya betri. Magari ya kabla ya mwishoni mwa 1974 yana betri mbili za volti 6, na asidi imekula vikapu vyote viwili. Nilibadili nikaweka betri moja ya volti 12, kikapu cha pili kikawa cha zana. Kama lako ni la kabla ya 1967 hivi, hakikisha upande gani wa betri umeungwa kwenye bodi: mengi ya wakati huo yana chanya kwenye bodi, na redio ya kisasa itaungua bila kuuliza.

Breki hazina hadithi. Badilisha mpira wa kila silinda, mipira yote ya kupitishia mafuta na mabomba yaliyoota kutu, tia mafuta mapya ya breki ya DOT 4, toa hewa ukianzia gurudumu la mbali zaidi na master silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Usijaribu kuokoa mpira wa zamani “unaoonekana mzima”.

Injini iliyolala miaka huwa imeganda. Ushauri wa kuliburuta gari likiwa kwenye gia ya tatu utakuvunjia ringi za pistoni. Toa plagi, mimina mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na kiyeyushio ndani ya kila silinda, acha siku kadhaa, kisha jaribu kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, nyuma kidogo, mbele kidogo. Ikilegea, badili oili na uzungushe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Ndipo mambo ya cheche: pointi, zile zinazokata umeme ili cheche itoke, nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40; valvu nafasi ya milimita 0.38.

Kabureta mbili za SU zimesingiziwa mengi. Anza na jeti zote mbili (vijibomba vinavyopitisha petroli) zikiwa sawa na daraja, ile sehemu iliyoinuka ndani ya koo la kabureta, kisha zishushe kwa nati zake mizunguko miwili kamili. Tia oili ya injini ya 20W-50 kwenye vyungu vya juu ya kabureta. Chukua kipande cha bomba la mpira, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta. Mlio wa hewa ulingane. Halafu nyanyua pistoni ya kabureta kwa milimita moja tu. Injini ikipanda mwendo na kubaki juu, petroli ni nyingi; ikitaka kuzima, ni kidogo; ikipanda kidogo na kutulia, iache. Anayetaka kuzitupa aweke kabureta moja kubwa hajawahi kukagua kama ekseli za throto, vile vijiti vinavyozungusha kilango cha hewa, zimelegea na zinavuta hewa pembeni, ambalo ndilo tatizo lenyewe mara nyingi.

Fremu ya kioo cha mbele ni ya aluminiamu, bolti zake ni za chuma, na hizo mbili zikikaa pamoja zinalana mpaka zinashikana. Ziko mbili kila upande, zimefichwa ndani karibu na dashibodi. Kutoa ni uvumilivu. Kurudisha ndiko kunakotia watu hasira, kwa sababu mpira mpya wa chini unaisukuma fremu juu na matundu hayaonani. Usipige nyundo. Weka vipande vya mbao juu ya fremu, pitisha mkanda wa kukazia mizigo juu yake hadi chini ya gari, kaza pande zote mbili sawasawa. Bolti moja isage ncha iwe kali kama penseli, iingize kwanza ili ielekeze tundu, kisha weka za kawaida moja moja.

Paa la turubai linakuwa la mwisho, baada ya milango na vioo vyake kukaa sawa, maana linafuata vioo. Lianike joto lilainike. Funga nyuma kwanza, vuta mbele, funga komeo, chora mstari kwa penseli kando ya upau wa mbele wa fremu ya paa. Fungua komeo, usogeze mstari huo mbele milimita 5 hadi 10, gundi ya kubandika ipakwe pande zote mbili na isubiriwe ikauke kiasi cha kunata tu. Anzia katikati kwenda pembeni. Liache limefungwa siku kadhaa kabla ya kulikunja, na dirisha la plastiki usilikunje likiwa baridi, litapasuka. Weka taulo katikati ya mikunjo.

Kisha mwagilia maji kwa bomba huku mtu amekaa ndani na tochi. Litavuja kwenye kona ile kioo kidogo cha pembetatu kinapokutana na turubai, kila MGB inavuja hapo. Sogeza kioo hicho kwa bolti zake ndani ya mlango kabla ya kuanza kulaumu turubai.