Saba katika arobaini: tulivyotengeneza filamu ya kutisha kwa pesa kidogo

Sini ya kwanza iliyokaa sawa ilikuwa ya chaki. Mwigizaji aliyecheza mtoto mkubwa wa marehemu amepanda ngazi, chemli mkono wa kushoto, kipande cha chaki mkono wa kulia, anaziandika namba boriti za dari. Chaki haishiki vizuri kwenye mkoko mkavu, lazima aikandamize, na kila akikandamiza vumbi la chokaa linamwingia machoni. Akafika 40, akashuka. Asubuhi yake, katika hadithi, namba 14 haipo. Boriti ipo palepale, namba imefutika. Kitisho hicho kilitugharimu chaki moja na kitambaa kilicholoweshwa maji.

Sikuanza hapo. Skripti yangu ya mwanzo ilikuwa na jini la kike linalotoka kisimani, na nilikuwa na shilingi milioni tatu na laki nne kwa kila kitu: chakula, nauli, kukodi nyumba, kukodi taa. Nikanunua sura ya mpira, nikamvalisha kijana mmoja, nikamrekodi gizani. Dada yangu akaitazama picha ile mara mbili, akaniambia, "Kaka, huyu hanitishi. Anayenitisha ni yule ndugu anayeshika funguo za nyumba baada ya mazishi."

Sikulala usiku ule. Hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, kila mtu anazijua nyumba za namna hiyo. Mwenye nyumba amekufa zamani, warithi wametawanyika Muscat, Dar es Salaam na London, mmoja anakusanya kodi, na hakuna anayetaka kutoa pesa ya kuziba dari ya mali isiyo yake peke yake. Mvua inaingia, ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza kwanza pasipo mtu kuiona, na siku moja ghorofa inashuka. Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mtu akisikia mchanga unadondoka darini usiku haumjii usingizi tena. Hofu tuliyoitafuta tulikuwa tunaishi ndani yake. Na wala si yetu peke yetu. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothiki, yaani ya kutisha ndani ya majumba ya kale, aliyoitoa Horace Walpole huko London mwaka 1764, nayo chimbuko lake ni urithi ulioporwa.

Nikamwendea ustadhi wangu wa zamani wa chuoni, nikamwambia: baba amekufa, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Akanipigia hesabu kwa Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke ana thumni, moja ya nane, kwa sababu wapo watoto, kinachobaki mwanamume anachukua mara mbili ya mwanamke. Igawe mali mafungu 40: mama 5, kila kaka 14, dada 7. Alipotamka arobaini niliona hitma, sinia za pilau, watu barazani. Filamu nzima ikanijia palepale. Kaka wanamwambia dada yao nyumba haigawiki, subiri. Dada anasubiri hadi anakufa. Lakini kabla hajafa amesomesha halbadiri, kisomo cha kumwapiza aliyedhulumu, na nyumba inaanza kujichukulia haki yake: 7 katika kila 40. Boriti saba, ngazi saba, na wajukuu pia wanahesabiwa.

Nyumba tuliipata kwa bwana mmoja aliyesema ni yake. Kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni tulikuwa nacho, tukamlipa nusu, tukaingia. Siku ya tatu tukakuta kufuli jipya mlangoni na kijana amekaa barazani anatungoja. Kumbe warithi ni kumi na mmoja, na aliyetukodisha ni mmoja wao. Yule kijana hakuwa na ugomvi na sisi. Alitaka tujue tu kwamba kwao hakujawahi kugawiwa kitu, na amesikia tunaigiza habari zao.

Niliona aibu kubwa. Nilikuwa ninaandika kisa cha dhulma ya mirathi huku nikilipa kodi kwa mlango uleule wa dhulma. Tukasimamisha kazi siku tisa, na siku zile ndizo zilizoiokoa filamu. Niliwapigia simu waliokuwa mbali na kuwatembelea waliokuwa karibu, mmoja mmoja, nikawasomea skripti na kuwaambia kodi iliyobaki nitaigawa kwa mafungu yao, hata kama ni shilingi elfu tatu kwa mtu. Wengine walikataa pesa wakasema endeleeni. Aliyenikalisha sana ni shangazi yao, bibi wa miaka sabini na ushei anayeishi mitaa ya Ng'ambo, hapa hapa mjini. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza, "Huyo dada wa kwenye mchezo wako, kaka zake wakija kumwangalia alikuwa akiwapikia?" Nikasema sijaandika. "Andika. Alikuwa akiwapikia." Sini hiyo imo: mwanamke anaepua mkate wa kumimina, anaukata, anawatilia ndugu zake chai, na hakuna anayetaja nyumba. Kwangu mimi ndiyo sini nzito kuliko zote.

Upigaji picha ulitufundisha kuinyenyekea ile nyumba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa kuwa upana wake umewekwa na urefu wa boriti, mita tatu au pungufu. Lenzi tulikuwa nayo moja, ya 50 mm, f/1.8. Ukiegemea ukuta kwa mapana ya chumba unapata uso na bega, basi. Tukaacha kushindana. Kamera ikakaa mwisho wa chumba, inatazama kwa marefu yake kupitia mlango, na mlango mwingine nyuma yake. Nyuma ya kila mwigizaji pakabaki giza refu, na mtazamaji analichungulia lile giza mwenyewe bila kuambiwa. Chumba kilikuwa na boriti 43. Tatu tuliziacha nje ya picha.

Chemli moja haitoshi, picha ilijaa chenga. Tuliweka karatasi ya fedha ya jikoni nyuma ya kioo, upande usioonekana na kamera, tukamwomba mwigizaji aishike taa karibu na kifua. Taa za umeme za uchochoroni nazo zikatuletea mistari inayopanda kwenye picha hadi tulipotoa shata, muda wa kamera kupokea mwanga, kwenye 1/60 ya sekunde tukaiweka 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa Hezi 50. Usiku mzima ulitupotea kwa jambo dogo hilo.

Sauti tulirekodi baada ya sala ya Isha hadi saa tisa na nusu usiku, tukafunga vitu kabla ya adhana ya alfajiri. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinakuzuilia mji wote nje. Mchanga unaodondoka darini ni mchanga mkavu wa ufukweni, tuliumimina polepole juu ya kawa huku simu imelala chini yake. Boriti inayolia ni mlango wa kabati la bibi yangu.

Tulikwama kwenye halbadiri. Mama aliyecheza dada alikataa kuisoma, hata kwa kuigiza. Majina ya watu wa Badri si maneno ya mchezo, alisema, na akasema kwa upole kabisa. Nilimkubalia papo hapo. Tukampiga picha kwa nyuma, ukaya kichwani, moshi wa udi unapanda kutoka kwenye chetezo, na kinachosikika ni punje za tasbihi tu, moja baada ya moja. Nikazihesabu wakati wa kuhariri, nikakata zilipofika 7.

Filamu ina dakika 52. Kabla ya kuipeleka popote tuliwaonyesha wenye nyumba, uani kwao, shuka jeupe limetandazwa ukutani na projekta ya kuazima. Walikuja saba, wengine hawakuwa wamesalimiana kwa miaka. Ilipofika asubuhi ya namba 14 uani palikuwa kimya, nikasikia mtu anavuta pumzi.

Taa zilipowashwa shangazi aliniita nikakae karibu naye. Akaniuliza ile namba aliifuta nani. Nikamwambia niliifuta mimi, kwa kitambaa cha maji.

"Mngeniita, mwanangu," alisema. "Ningeifuta mimi."