Faili la Bwana Sache

Hii ilikuwa Februari 2013, New York, theluji imejaa njia nzima na mimi nina koti la mtumba nililonunua Tanga nikidhani ndo koti la baridi, kumbe lile la mvua tu. Nilikuwa nasomea ukutubi na utunzaji wa nyaraka, na ili nimalize ilibidi nifanye fildi kwenye maktaba moja ya nyaraka pale Manhattan. Sio ile Leo Baeck Institute ya mtaa wa 16 ambayo kila anayetafuta habari za Wayahudi wa Ujerumani ataelekezwa huko, hapana, yetu ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu, lifti ya kubembeleza, wafanyakazi wanne na nusu, na hiyo nusu ndo mimi.

Nikakabidhiwa boksi 23 za familia moja. Baba alikuwa wakili Frankfurt, Myahudi, akahamia Marekani na mke na binti mmoja mwaka 1939, akafia huko huko miaka ya sabini. Boksi zilikaa kwenye stoo ya chini ya nyumba yao Washington Heights, kule juu kabisa Manhattan ambako wakimbizi wa Kijerumani walijazana mpaka watu wakapaita Frankfurt ya mto Hudson. Ukifungua boksi unapigwa na harufu ya unyevu na tumbaku ya kiko, yani mzee mwenyewe kama yumo humo ndani.

Bosi wangu, mama wa makamo, mpole lakini akishasema kitu kimesemwa, akaniambia kazi nyepesi, panga mafungu mawili. Moja karatasi binafsi, jingine karatasi za kazi. Binafsi unatoa klipu na pini za stepla zenye kutu, unaweka kwenye jalada lisilo na asidi, unaandika lebo kwa penseli. Za kazi, yani mafaili ya wateja, unaorodhesha tu kwenye Excel, jina la mteja na mwaka, halafu tunabakiza machache ya mfano na mengine yanakwenda kwenye shreda. Nilishtuka kidogo, akanielewesha kwamba mle kuna ripoti za madaktari, kuna watu wamesimulia mambo ambayo hata watoto wao hawajayasikia, na siri ya mteja haifi kwa sababu wakili amekufa. Nikaona ana hoja. Gari la kampuni ya kuchana karatasi linakuja Ijumaa.

Basi nikaanza na binafsi, na kwakweli nilichelewa makusudi, maana zile karatasi zilikuwa zinaniongelesha. Kuna shahada yake ya udaktari wa sheria, ya Kilatini, kubwa kama mkeka wa kuswalia. Kuna cheti cha kwamba alipigana mstari wa mbele vita ya kwanza, na hicho cheti alikikunja na kukikunjua mpaka mikunjo imetoboka, na sababu yake unaijua ukiijua sheria ya tarehe 7 Aprili 1933. Siku hiyo Wanazi waliruhusu mawakili wa Kiyahudi wafutwe, isipokuwa walioanza uwakili kabla ya Agosti 1914 au waliopigana mstari wa mbele. Kwahiyo hicho kikaratasi ndo kilichomwachia ofisi miaka mitano zaidi, kila akiulizwa anakitoa, kila akiulizwa anakitoa. Halafu Septemba 1938 ikaja amri nyingine, safari hii haina cha mpiganaji wala nini, mawakili wote wa Kiyahudi mwisho wao tarehe 30 Novemba. Ikifika 30 Novemba yeye hata hakuwa ofisini, alikuwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, maana wanaume wa Kiyahudi kama 30,000 walizolewa baada ya ule usiku wa kuchoma masinagogi, tarehe 9 kuamkia 10 Novemba, na wa Frankfurt wengi walipelekwa huko. Leseni imekufa mwenyewe yuko kambini amenyolewa kichwa.

Kuna pasipoti yenye J nyekundu, yani Jude, Myahudi, na katikati ya jina lake wamempachika "Israel", maana kuanzia Januari 1939 kila mwanaume wa Kiyahudi ambaye jina lake la kwanza halikuwa kwenye orodha yao ya majina ya Kiyahudi alilazimishwa kuongeza hilo, na wanawake Sara. Risiti ya kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali yote. Na kuna orodha ya vitu vya kuhama navyo, hiyo ndo ilinikalisha chini.

Orodha ile kurasa kumi na moja, imepigwa taipureta, kila kitu kimeandikwa mpaka vijiko, mashuka, leso, brashi ya viatu, na imegawanywa kwa tarehe ya kununuliwa, hivi vya kabla ya 1933, hivi vya baadaye, hivi vipya kabisa, kwasababu ukitaka kutoka na kitu kipya serikali inakulipisha tena bei yake. Kwenye fungu la katikati, baada ya "mito minne", kuna mstari: mwanasesere mmoja, umetumika. Mwanasheria mzima na udaktari wake amekaa mezani anaorodhesha mwanasesere wa mtoto na kuhakikisha kimeandikwa kwamba umetumika.

Nilimkumbuka baba yangu. Baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo Korogwe, na karatasi zote za maisha yetu, ofa ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, risiti za ada, kadi za kliniki, zilikaa kwenye mfuko wa Rambo chini ya godoro upande wa ukutani. Sisi tuliita faili la godoro. Hakuna anayeligusa bila yeye kuwepo, na akilitoa anaweka miwani kwanza, analamba kidole, anahesabu. Tulimcheka sana kwa hilo.

Sasa turudi kwenye fungu la kazi. Mafaili 140. Mzee alipofika New York udaktari wake haukuwa na kazi, sheria za kule nyingine kabisa, akawa anafanya usiku kwenye kiwanda cha mikoba, mke anasafisha nyumba za watu, baadae akapata uhasibu. Mpaka miaka ya hamsini, Ujerumani Magharibi ilipotunga sheria ya kulipa fidia, ile kubwa ikatoka 1956, ghafla wakimbizi wote pale mtaani wanatafuta mtu anayejua Kijerumani cha mahakamani. Akafufuka. Akawa anaandaa madai, anashirikiana na wakili mwenzake kule Frankfurt, jioni baada ya kazi, kwenye meza ya kulia chakula.

Kila faili lina jalada la kahawia, namba juu kulia, jina la mteja kwa wino wa bluu, na ndani ya jalada amebandika kikaratasi cha gharama: tarehe, stempu, masaa, malipo. Mi nikawa naandika kwenye Excel kama mashine. Kijerumani changu kilikuwa cha miezi sita ya darasa la jioni, ukijumlisha na "shule" na "hela" ambazo babu zetu walizipata kwa Wajerumani wenyewe. Majina ya watu hayahitaji kujua lugha, si unakopi tu? Namba 39, namba 40. Namba 41 imeandikwa In eigener Sache. Nikajiambia huyu atakuwa ametoka sijui wapi huyu, nikajaza: jina la ukoo Eigener, jina la kwanza Sache. Nikaendelea na 42.

Bwana Sache hakuingia kwenye mfano. Tulichagua mafaili kumi na moja kwa kubahatisha, mengine 129 yakapandishwa kwenye toroli karibu na mlango kungoja Ijumaa.

Alhamisi mchana akaja yule binti wa wakili. Nasema binti lakini alikuwa na miaka 80, kibibi kidogo, kofia ya sufi, viatu vya theluji vikubwa kuliko yeye. Alikuja kusaini hati ya kukabidhi nyaraka na kuleta bahasha ya mwisho ya picha. Akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, hapo nikashindwa, mtu wa umri wa bibi yangu namwitaje jina kavu hivyo, nikawa namwita tu madam mpaka mwisho. Nikampokea koti. Akapita kwenye toroli, akasimama.

"Huu mwandiko wa baba," akasema. Nikamwambia ndio, mafaili ya wateja, yanatoka kesho. Akasema anajua, yeye mwenyewe alikubali, barua alisaini. Akawa anapitisha kidole kwenye migongo ya majalada, anasoma majina taratibu, wengine anawajua, huyu alikuwa na duka la mikate, huyu mke wake alikuwa haongei. Akafika 41. Kidole kikaganda.

"Na hili kwanini liko hapa?"

Nikamwambia huyo ni mteja, Bwana Sache.

Aliniangalia. Akamwangalia bosi wangu ambaye ndo kwanza anatoka ofisini na kikombe. Halafu akacheka, lakini kile kicheko kiliishia njiani, akavuta kiti akakaa na jalada mapajani. Akanifafanulia polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza: maana yake katika shauri langu mwenyewe. Ndivyo mawakili wa kule wanavyoandika mtu akiwa anajitetea mwenyewe.

Shauri langu mwenyewe! Mi mtoto wa karani wa mahakama, nimekua nasikia shauri namba fulani asubuhi mpaka jioni. Nilitamani sakafu ipasuke.

Tukalifungua hapo hapo kwenye toroli. Dai lake la fidia, analifanya mwenyewe kama anavyowafanyia wengine, na anajiandika "mdai". Mdai alizaliwa, mdai alikamatwa, mdai alizuiliwa wiki tano. Hakuna "mimi" hata moja, nilitafuta. Kopi za kaboni kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na mle ndani, kama kiambatanisho, kopi ya orodha ya vijiko na mashuka iliyothibitishwa kwa mhuri. Yani ile niliyoiweka kwenye karatasi binafsi, pacha wake alikuwa huku anasubiri shreda.

Yule binti wa wakili alitusomea uamuzi, anatafsiri kidogo kidogo. Sheria ilikuwa inalipa marki 150 kwa kila mwezi mzima uliofungwa. Mwezi mzima. Mdai alikaa wiki tano, kwahiyo ni mwezi mmoja, ile wiki inayobaki haihesabiwi. Marki 150, kwa kiwango cha wakati ule marki 4.20 kwa dola, haifiki dola 36. Pembeni mzee ameandika kwa penseli neno moja dogo, nikauliza ni nini, akasema, "Ameandika sahihi. Yani hesabu iko sahihi." Akarudia, "Hesabu iko sahihi," safari hii kwa Kijerumani, sio kwetu.

Alisema hajawahi kujua ni wiki tano. Nyumbani ilikuwa inasemwa tu "baba alipokuwa safarini". Yeye alikuwa na miaka mitano, na alichokuwa anakumbuka ni kwamba baba alirudi na kofia na hataki kuivua mezani, na mama hakumwambia aivue.

Bosi wangu aliweka kikombe chini, akaenda kumpigia mtu wa gari la shreda akamwambia asije Ijumaa. Mimi hakuniambia kitu. Ningependa angenifokea.

Halafu ukaja ubishi wa kiofisi, hili faili liende fungu gani? Mi nikasema si liende kwenye binafsi, ni lake. Bosi akasema hapana, mzee mwenyewe aliliweka kati ya 40 na 42, na sisi kazi yetu sio kumpangia. Tukaliacha pale pale, kwenye binafsi nikaweka karatasi inayoelekeza angalia faili 41. Na mengine 128 ilibidi niyapitie moja moja, ukurasa kwa ukurasa, wiki sita zikaongezeka kwenye fildi yangu. Mwishowe hayakuchanwa, yalifungiwa, hakuna anayeruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ipite.

Usiku ule nilimpigia baba, kule kwetu kulikuwa kumekucha. Shikamoo, marahaba, vipi baridi. Nikamuuliza ule mfuko upo? Akasema mfuko gani. Nikasema faili la godoro. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani unauza kiwanja?"

Lakini kabla hajaondoka yule binti wa wakili siku ile, nilimwonyesha Excel yangu, maana aliomba kuiona. Mstari wa 41: Eigener, Sache. Hapo ndo alicheka kweli, mpaka akavua miwani. Akafunua tena jalada akaniwekea kidole kwenye kile kikaratasi cha gharama. Stempu zote zimeandikwa, senti kwa senti. Masaa yameandikwa, jumla 61. Safu ya malipo amechora kistari tu kutoka juu mpaka chini, kimenyooka, kwa rula.

"Huyu Bwana Sache," akasema, "hakumlipa baba hata senti."

Nikatoa klipu iliyokuwa imeshika karatasi, ina kutu imekuwa kahawia na imeacha alama yake kwenye ukurasa wa kwanza, nikawa naitupa kwenye kopo na wenzake. Akanyoosha mkono. Nikaifunga kwenye tishu nikampa, akaitia kwenye pochi, akavaa kofia, nikamsindikiza mpaka kwenye lifti.