Kwenye vivuko vya Yordani

Ndugu na dada katika Kristo, wiki hii tunasoma Waamuzi 12:1-6, mistari ambayo haihubiriwi mara nyingi.

Watu wa Gileadi, waliopigana na ndugu zao wa Efraimu, wameshika vivuko vya mto Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme "Shibolethi". Mwefraimu anatamka "Sibolethi", anakamatwa, anauawa papo hapo. Walianguka watu 42,000.

Sisi wa Lubumbashi vivuko tunavijua. Watoto wetu wanatokea Kasumbalesa, wanakata Zambia, wanashuka mpaka Johannesburg. Huko kijana mwenye diploma analinda magari ya watu, na akifungua mdomo anaitwa kwerekwere, jina la kumdharau mgeni. Wapo wasiopokea simu wakiwa ndani ya teksi, kwa sababu Kiswahili chao kitasikika. Mama unayepiga bila kujibiwa na kudhani mtoto amekusahau, fikiria hilo.

Mwezi wa tano 2008 fujo za kuwapiga wageni zilianza Alexandra, mtaa wa Johannesburg, zikasambaa, watu 62 wakauawa. Wengine walisimamishwa njiani na kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu, aliyeshindwa alipigwa. Kati ya wale 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Yordani pia: Waefraimu hawakuwa wageni, walikuwa Waisraeli. Na kinachoniumiza zaidi katika habari hii ni Yeftha, aliyewaongoza Wagileadi. Sura ya 11 inasema ndugu zake walimfukuza nyumbani kwa baba yao kwa sababu alikuwa mwana wa mwanamke mwingine, akakimbilia nchi ya Tobu. Alikula uchungu wa ugenini. Baadaye, alipopewa nguvu, watu wake ndio waliosimama vivukoni.

Hapo siwezi kuwasema watu wa Johannesburg peke yao. Mwaka 1992 na 1993, hapa kwetu Katanga, ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, wadudu. Wengi walizaliwa humu humu. Wazee wao waliletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli. Familia zililala stesheni zikingojea treni, na watoto walifia pale. Katika misa na ibada zetu tunakaa pamoja, aliyepanda treni ile na aliyeiangalia ikiondoka, na jambo hili hatulitaji. Leo kijana wa Kasai akifika mjini kutafuta maisha kwa pikipiki, tunasikia tena: warudi kwao. Tunayasikia hata mlangoni mwa kanisa, na wazee wa kanisa wananyamaza. Kunyamaza huko ni dhambi, nalisema wazi.

Jumatano kwenye maombi, kila mzazi ataje kwa jina mtoto wake aliye ugenini, tumwombee ulinzi, karatasi na kazi. Kisha, kabla ya amina, kila mmoja ataje jirani mmoja ambaye si wa hapa, na Alhamisi aende kwake kumsalimu.