Lembata, na sisi wa Kibosho

Sijawahi kushika pembe ya tembo hapa Tanzania. Niliishika Lembata, kisiwa cha mashariki mwa Indonesia, katika nyumba ya mama wa rafiki yangu. Aliitoa uvunguni mwa kitanda ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, akanipakatisha. Kisiwa kile hakina tembo. Pembe zililetwa na wafanyabiashara wa baharini zamani sana, na tangu hapo zinazunguka kati ya koo. Ukoo wa kijana unatoa pembe kuwa mahari, ukoo wa binti unajibu kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na kijana wa nyumba iliyopokea akija kuoa, pembe ileile inatoka tena. Ile niliyoshika ilikuwa na ufa karibu na ncha. Mama akaupitisha kidole, akaniambia imeshalipa mahari ya wanawake wanne anaowajua.

Nilimwambia kwetu ukikutwa nayo nyumbani unafungwa. Akanyamaza, akaniuliza, "Sasa mahari mnatoa nini?" Nikamtajia mbege, mbuzi, blanketi, na siku hizi fedha. Akaguna. "Fedha zinaisha," akasema.

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu ya neno moja. Jumapili baada ya misa wazee wetu walikaa kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kuzungumzia kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoacha babu, na baba yangu mdogo, akihesabu watoto wa ukoo walipo, akataja Dar, akataja Mwanza, akataja Marekani. Alipofika kwa mdogo wangu wa kiume akasema, "Huyu yeye amebaki tu nyumbani." Hilo "tu" halijanitoka hadi leo.

Niende mwanzo. Mwaka 2018 nilipata ufadhili wa serikali ya Indonesia uitwao Darmasiswa, mwaka mmoja wa kujifunza lugha na utamaduni wao. Niliishi Makassar, chumba kimoja na binti wa Lembata aliyekuwa akisomea uuguzi. Likizo ilipofika akasema twende kwetu. Tukapanda meli ya Pelni, kampuni ya meli ya serikali, tukalala sakafuni juu ya mkeka pamoja na watu wenye matenga ya kuku na televisheni zilizofungwa kwa kamba. Tulipita Maumere, tukapita Larantuka, tukashuka Lewoleba. Kutoka pale ni lori lililowekewa mabenchi ya mbao, na barabara inayokuunguza koo kwa vumbi.

Lugha ilinipokea kabla ya watu. Dunia kwao ni dunia. Bendera ni bendera. Sabuni ni sabun, meza ni meja, karatasi ni kertas, na wakikujulia hali wanauliza kabar, yaani habari. Dada au kaka mkubwa wanamwita kakak. Jioni ya kwanza mama akaniambia kesho asubuhi tunakwenda gereja, moyo ukanipasuka, kumbe ni kanisani. Lembata wengi ni Wakatoliki kama sisi wa Kibosho. Nilisali rozari nao kwa Kiindonesia nikiwa nalia, maana ilikuwa miezi saba sijamwona mama yangu.

Kitu kilichoniamsha kila siku ni sauti ya jiwe. Saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo hajachoka, unasikia tak, kisha tak, kutoka jiko hili, kisha lile, kisha kijiji kizima. Ni mahindi. Wanayaita jagung titi. Mama anakaa chini mbele ya chungu cha udongo kilicho motoni, punje zinakaangika bila mafuta. Anatia vidole vya mkono wa kushoto ndani ya chungu, vidole vitupu, anatoa punje mbili au tatu zikiwa moto vilevile, anaziweka juu ya jiwe bapa, na mkono wa kulia unashusha jiwe la pili mara moja. Mara moja tu. Punje zinashikana zinakuwa kama kipande cha karatasi ngumu. Anazifagia pembeni kwa ukingo wa kiganja huku kushoto kumesharudi chunguni. Nilijaribu, nikaungua. Alinishika mkono akanionyesha vidole vyake, ngozi imekuwa ngumu kama soli. Yanaliwa na samaki, au na mchuzi wa majani ya mlonge, na yanakaa wiki nyingi bila kuharibika. Ndiyo maana kila anayesafiri anafungiwa kopo lake.

Na wanasafiri kweli. Neno lao ni merantau, kwenda mbali kutafuta. Wanaume wa kule wamekuwa wakivuka kwenda Sabah, Malaysia, kwenye mashamba ya michikichi, wengi bila karatasi. Mwaka 2002 Malaysia ilipokaza sheria ya uhamiaji, makumi ya maelfu walirundikana Nunukan, mji mdogo wa mpakani, na wapo waliofia pale kwa magonjwa. Baba wa rafiki yangu alikuwa mmoja wa waliokwama. Alirudi amekonda, akakaa miaka miwili, akaondoka tena. Katika ile mitaa ya kijiji nilihesabu nyumba nzuri za matofali, madirisha ya vioo, rangi ya kijani, na ndani yake bibi mmoja na wajukuu. Nikajiona niko nyumbani. Panda Hiace ya Kibosho mwezi wa sita uangalie mageti makubwa yaliyofungwa, mlinzi amekaa na redio, hadi Desemba mabasi ya Dar yatakapowashusha wenye nyumba.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sisi hatuna, nami nililiona kwa dada mkubwa wa rafiki yangu, yule aliyebaki. Kabla baba yao hajaondoka mara ya pili aliita wazee wa ukoo, akatembea nao shambani, akagusa mikorosho mmoja baada ya mwingine, akasema hii ni ya huyu binti. Mbele ya watu. Ardhi ni ya ukoo, lakini miti ile na kila kinachoanguka kutoka kwenye miti ile ni vyake. Hakuna anayemwambia analinda tu mali ya wengine. Anauza korosho, anafuma vitambaa kwa nyuzi anazozipaka bluu ya mnili na nyekundu ya mzizi wa mti wanaouita mengkudu, na kitambaa kimoja kinaweza kumchukua miezi mingi. Watu wanakuja kumsihi awafumie, kwa sababu bila vile vitambaa pembe ya tembo haina cha kujibiwa.

Nilikwenda naye kwenye mkutano wa kijiji. Tangu sheria ya vijiji ya mwaka 2014, serikali yao inapeleka fedha hadi kijijini, na wanakijiji wanakaa kwenye kile wanachokiita musyawarah, kushauriana, kupanga zifanye nini. Nje ya ofisi limebandikwa bango kubwa la mapato na matumizi. Siku ile wazee walitaka lango la saruji la kuingilia kijijini. Dada mkubwa akasimama, akasema lango halinywi maji, tujenge tangi. Walibishana hadi giza likaingia. Tangi likapita.

Sisemi kule ni peponi. Korosho zinaondoka ghafi, faida wanakula wengine, sawasawa na kahawa yetu. Zahanati ilikuwa na mkunga mmoja. Na ile ardhi ni ya volkano. Novemba 2020 mlima Lewotolok ulilipuka, na usiku wa kuamkia Pasaka ya 2021 kimbunga Seroja kikaleta mvua iliyoporomosha mawe na tope la mlima juu ya vijiji vya Ile Ape. Mkoa mzima ulipoteza watu zaidi ya 100. Nilikuwa Moshi, nimefungua tayari duka langu la pembejeo, napiga simu haiendi, siku tatu. Siku ya nne ikaja sauti ya dada mkubwa kwenye WhatsApp, imekwaruza: wako hai, paa limekwenda, mikorosho kumi na moja imeanguka, ameanza kupanda mingine. Rafiki yangu, ambaye sasa ni muuguzi Makassar, alimwambia amlete mama waje kuishi mjini. Alikataa. Alisema miti yake iko pale.

Mdogo wangu naye amepanda. Mikahawa ya babu ilikuwa imeharibiwa na chulebuni, ugonjwa wa buni, akaing'oa polepole, akaweka miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kutoka Lyamungo, mia mbili na arobaini, nimemuuzia mbolea mwenyewe kwa mkopo. Ameusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, uliokuwa umeziba tangu mzee afariki, akapanga zamu ya maji na majirani. Ndiye anayempeleka mama kliniki. Wenzake wakija Krismasi ndiye anayechinja mbuzi, na wakiondoka tarehe mbili wanamwachia elfu kumi na funguo. Ana miaka thelathini na moja, na hakuna mgomba hata mmoja pale ambao mtu amewahi kuugusa mbele ya wazee akasema huu ni wako. Akitaka kuoa kesho, atamwonyesha mchumba nini?

Nimeandika kwenye kundi la ukoo jana usiku. Nimeomba Desemba, wote wakiwa wamefika, tutembee kihambani mchana kweupe na wazee wakiwa mbele, sehemu ya mdogo wangu ipimwe kutoka kwenye mfongo hadi kwenye mpaka wa chini, iandikwe. Dada yetu wa Mwanza ameunga mkono. Baba mdogo amesoma, hajajibu. Masale ya kupanda mpakani nimeshayakata, yamesimama kwenye ndoo ya maji nyuma ya duka, na leo asubuhi mengine yameanza kutoa mizizi.